Kutoka Kuni mpaka Mazutu: Moteri za Bato Kati ya Lualaba na Tanganyika

Ndugu wasomaji, wanafunzi na ninyi mliokwisha kumaliza masomo, chukueni ramani kidogo. Kasongo iko karibu na Lualaba, upande wa mashariki wa mto. Kabambare iko mbele zaidi, kwenye njia ya kwenda ziwa Tanganyika. Ni kusema sisi watu wa Maniema ya kusini tuko kati ya maji mawili. Tangu zamani za misafara mpaka leo, chumvi, vitambaa, misumari na simenti vinavyofika kwetu vimevuka moja ya maji hayo, ama yote mawili.

Wazee wakiongea juu ya wakati wa mabato na treni, vijana wanauliza: basi juu ya nini vimekwisha? Jibu linalotoka haraka ni hili: masini zilizeeka. Wengi tunalikubali, tunaendelea na maongezi mengine. Leo ninaomba tulipime jibu hilo kwa historia. Tukifuata habari za moteri za bato katika eneo letu, tutaona kwamba uzee haukuwa adui wa kwanza. Swali kubwa lilikuwa: nani anaijua masini, na je, alielezwa juu ya nini anafanya anachofanya?

Kabla ya moteri kulikuwa mabega

Mwezi wa 10 mwaka 1876, Henry Morton Stanley alipita Kabambare akitoka upande wa Ujiji. Wapagazi wake walikuwa wamebeba bato yake, Lady Alice, iliyotengenezwa kwa vipande ili iweze kuchukuliwa na watu. Vipande hivyo vilikuwa vimetoka Bagamoyo mwaka 1874. Vilipita kwetu mabegani, vikafika Lualaba, vikaunganishwa, na bato ikashuka mto.

Mwaka 1885 wamisionari wa London Missionary Society walishusha Good News katika ziwa Tanganyika. Ilikuwa bato ya kwanza ya mvuke katika ziwa hilo, nayo pia ilifika vipande vipande. Kule magharibi ilikuwa vile vile: kabla treni ya Matadi na Léopoldville haijakamilika mwaka 1898, mabato ya mvuke yalipandishwa milimani na wapagazi, boila kwa boila, chuma kwa chuma.

Tukumbuke jambo hili: masini ya kwanza ya maji yetu ilifika kwa nguvu ya Mwafrika. Alijua uzito wake kabla ya kujua kazi yake.

Bato iliyokula msitu

Mwaka 1902 ilianzishwa kampuni ya CFL, ile wazee wetu wanaitaja mpaka leo. Kazi yake ilikuwa kuunganisha mto Congo wa juu na maziwa makubwa. Pale maporomoko yanapozuia bato, reli ilijengwa. Stanleyville mpaka Ponthierville, yaani Kisangani mpaka Ubundu, kilometa 125, ilifunguliwa mwaka 1906. Kindu mpaka Kongolo, kilometa 355, ilikwisha mwishoni mwa 1910. Kabalo mpaka Albertville, yaani Kalemie, kilometa 273, ilifika ziwani mwaka 1915. Katikati ya reli hizo, kazi ilikuwa ya mabato: Ubundu mpaka Kindu, na tena Kongolo mpaka Bukama.

Mabato hayo yalikuwa ya mvuke, na mvuke ulitaka kuni. Kuni zinachemsha maji ndani ya boila, mvuke unasukuma pistoni, pistoni inazungusha gurudumu la nyuma ama propela. Ni masini yenye uvumilivu, lakini inakula sana. Ilibidi isimame tena na tena kando ya mto kupakia kuni, na kuni hizo zilikatwa na watu wa vijiji vya karibu, mara nyingi kwa kulazimishwa. Kwa hiyo moto wa bato uliwaka mtoni, lakini jasho lake lilikuwa kijijini.

Na ndani ya bato kazi iligawanywa namna gani? Mzungu alikuwa mekanisia, Mwafrika alikuwa mchochea moto. Mwandishi Joseph Conrad alipanda mto Congo mwaka 1890 katika bato Roi des Belges mpaka Stanley Falls. Katika kitabu chake maarufu cha mwaka 1899 amemweka Mwafrika mmoja anayelinda boila. Mtu huyu anatazama kipimo cha mvuke na kipimo cha maji bila kuchoka. Ameambiwa kwamba ndani ya boila mna pepo mbaya, na kwamba maji yakipungua pepo atakasirika kwa kiu na kulipiza kisasi kikali.

Wasomaji wengi wanacheka hapo, na Conrad mwenyewe anamwandika kwa dharau. Mimi naona jambo lingine. Kitu anachofanya yule mchochea moto ni sahihi kabisa. Boila ikikosa maji, chuma kinapata moto kupita kiasi, kinalegea, na boila inaweza kupasuka na kuua kila mtu aliye karibu. Kazi aliijua, macho yake yalikuwa mahali panapotakiwa. Alichonyimwa ni sababu. Walimpa hadithi ya pepo badala ya somo la mvuke. Na mtu asiyejua sababu hawezi kutengeneza kitu siku kinapoharibika kwa namna mpya.

Mazutu yanaingia majini

Wakati ule ule, kule Ulaya, masini ingine ilikuwa inazaliwa. Rudolf Diesel, Mjerumani aliyezaliwa Paris mwaka 1858, alipata hati ya uvumbuzi wake mwaka 1893, na mwaka 1897 moteri yake ikafanya kazi vizuri katika mji wa Augsburg.

Fikra yake ni rahisi, na wengi wenu mmeiona bila kujua. Nendeni kwenye masini ya kukoboa mupunga pale Kasongo. Ile moteri haiko na bujii ya kutoa cheche kama ya pikipiki. Hewa inaingia ndani ya silinda, pistoni inapanda na kuikandamiza mpaka inabaki ndogo sana, kama sehemu 1 kwa 15 ama 1 kwa 20 ya ukubwa wake wa kwanza. Hewa iliyokandamizwa hivyo inapata moto, inapita digrii 500. Hapo mazutu yanarushwa ndani kama ukungu, yanawaka yenyewe, na pistoni inasukumwa chini. Ni hiyo tu. Moteri ya bato kubwa ya baharini na moteri ya mupunga ni ndugu wa tumbo moja.

Tofauti iko kwenye ukubwa. Mwaka 2006 bato ya mizigo Emma Mærsk ilianza safari na moteri yenye silinda 14, urefu kama meta 27, kimo kama meta 13 na nusu, uzito unaopita tani 2,300. Kila silinda iko na upana wa sentimeta 96, mtu anaweza kukaa ndani. Lakini haikimbii: inazunguka kama mara 100 tu kwa dakika. Moteri za namna hiyo zinageuza karibu nusu ya nguvu ya mafuta kuwa kazi, na masini za mvuke za zamani zilikuwa zinapoteza sehemu kubwa kabisa ya moto wao kwenye bomba la moshi.

Jambo la kutufurahisha sisi watu wa mto: dizeli haikuanzia baharini. Mwaka 1903, bato iliyoitwa Vandal ilitumia moteri za dizeli kubeba mafuta katika mto Volga, Urusi. Bahari kubwa ilifuata mwaka 1912, wakati Selandia ilipotoka Copenhagen mpaka Bangkok. Diesel mwenyewe hakuona ushindi wote: usiku wa tarehe 29 mwezi wa 9 mwaka 1913 alipotea majini akivuka kutoka Antwerp kwenda Uingereza. Na bato aliyokuwa amepanda ilikuwa ya mvuke.

Liemba: bato iliyokataa kufa

Sasa turudi ziwani kwetu. Mwaka 1913 kiwanda cha Meyer, katika mji wa Papenburg, Ujerumani, kilitengeneza bato Graf von Goetzen. Kisha kiliifungua yote, wakaiweka ndani ya masanduku kama 5,000, ikapelekwa Dar es Salaam kwa meli, na kutoka hapo Kigoma kwa treni mpya. Mafundi 3 wa Kijerumani pamoja na vibarua wengi Waafrika wakaiunga tena, na mwezi wa 2 mwaka 1915 ikaingia majini. Ilikuwa na urefu wa meta 70 na zaidi, na masini zake zilikuwa za mvuke.

Vita vilikuwa vimeanza. Wabeleji walikuwa upande wetu wa ziwa, Wajerumani upande wa Kigoma. Mwezi wa 7 mwaka 1916, Wajerumani walipolazimika kuacha Kigoma, waliamua kuizamisha bato yao wenyewe. Lakini kabla ya kuizamisha, mafundi walifanya kitu ambacho ndicho kiini cha habari yote hii: waliipaka masini mafuta mazito ya grisi kila mahali ili maji yasile chuma. Walifikiri watarudi.

Hawakurudi. Wabeleji waliiinua baada ya vita, ikazama tena kwa dhoruba mwaka 1920. Waingereza wakaiinua mwaka 1924. Wakakuta masini na maboila bado yanaweza kutumika. Tarehe 16 mwezi wa 5 mwaka 1927 ilianza kazi tena kwa jina jipya, Liemba, jina la ziwa ambalo David Livingstone alilisikia kwa wenyeji wa upande wa kusini. Huyo ni Livingstone yule yule aliyekaa miezi mingi Kabambare mwaka 1870, akiugua vidonda vya miguu.

Katika miaka ya 1970 masini za mvuke ziliondolewa, dizeli zikawekwa. Mwaka 1993 zikabadilishwa tena, ikapata moteri mbili za MAN, kila moja yenye kilowati 460. Mwaka 1997, baada ya Mobutu kuanguka, shirika la UNHCR lilitumia Liemba kurudisha wakimbizi wa Congo kutoka Kigoma mpaka Uvira: safari 22, watu zaidi ya 75,000. Mwaka 2015 ikarudia kazi hiyo kwa wakimbizi wa Burundi waliokwama Kagunga.

Hesabuni wenyewe. Bato ya mwaka 1915 ilikuwa inaokoa watu mwaka 2015, miaka 100 kamili. Sasa, lile jibu la "masini zilizeeka" linasimama wapi? Kwa Liemba, chuma cha mwili ni cha zamani kabisa. Kilichoiweka hai ni kwamba kila kizazi kilipata watu wa kuitunza, na moteri ilipokwisha kabisa, watu walijua ni ipi ya kuweka mahali pake.

Kazi ya mtu wa moteri

Wengi wetu tunafikiri fundi wa bato anafanya kazi siku moteri inapozimika. Hapana. Kazi yake kubwa inafanyika wakati moteri inaenda vizuri.

Katika mabato makubwa ya baharini, desturi ni zamu ya saa 4, kisha mapumziko ya saa 8, usiku na mchana. Mtu wa zamu anazunguka akitazama, akisikiliza, akigusa, akinusa. Anaandika ndani ya daftari: mgandamizo wa mafuta ya kulainisha, moto wa maji yanayopoza, moto wa moshi unaotoka kwenye kila silinda. Daftari hilo ni kama fishi ya mgonjwa hospitali. Namba moja peke yake haisemi sana. Namba za leo zikilinganishwa na za wiki iliyopita zinaanza kusema.

Moshi wa silinda moja ukiwa baridi kuliko wa zingine, pengine injekta yake imeziba na mazutu hayaingii vizuri. Ukiwa na moto kupita wa wenzake, pengine valvu ya kutolea moshi inavuja, ama injekta inadondosha mafuta ovyo. Bomba likitoa moshi mweusi, mafuta ni mengi kuliko hewa: filta ya hewa chafu, turbo imechoka, ama bato imepakizwa kupita nguvu yake. Moshi wa bluu unasema mafuta ya kulainisha yanaungua, ringi za pistoni zimelika. Moshi mweupe usioisha hata moteri ikipata moto unaleta wasiwasi kwamba maji yanaingia ndani. Na ukifungua ukaona mafuta ya kulainisha yamekuwa meupe kama maziwa, usiulize tena: maji yameingia.

Kuna dalili moja isiyongojea majadiliano. Mgandamizo wa mafuta ya kulainisha ukianguka, unapunguza mwendo na kuzima mara moja hali ikiruhusu. Dakika chache za kukauka zinaweza kuua moteri ya miaka 20.

Adui mwingine ni mazutu yenyewe, na huyu tunamjua sana. Mazutu yanayotufikia ndani ya mapipa na mabidoni, yakipita mikono mingi, mara nyingi yanachanganyika na maji na michanga. Maji ni mazito, yanashuka chini ya tangi. Kwa hiyo fundi mzuri anayaacha mafuta yatulie, anafungua bomba la chini asubuhi mpaka maji yaishe, ndipo anawasha. Ni kazi ya dakika 5, na inaokoa pompi na injekta ambazo bei yake inaweza kufunga biashara.

Lakini hata kazi zote zikifanywa, kukosa kujua sababu kunaua. Tarehe 11 mwezi wa 9 mwaka 1947, bato ya dizeli Reina del Pacifico ilikuwa katika majaribio karibu na Belfast baada ya matengenezo makubwa. Pistoni moja ilipata moto kupita kiasi. Mafuta ya kulainisha ndani ya karteri, yaani sanduku la chini la moteri, yakageuka ukungu, ukungu ukashika moto, na mlipuko ukaua watu 28. Mafundi hawakuwa wajinga, walikuwa wa kiwanda kikubwa cha Uingereza. Ila jambo hilo lilikuwa halijaeleweka vizuri. Baada ya hapo wachunguzi walitafuta sababu, na moteri kubwa zikawekewa valvu za kupunguza mlipuko na vyombo vya kunusa ukungu wa mafuta. Ndiyo maana mpaka leo wanafunzi wa moteri za bato wanafundishwa: karteri ikipata moto, zima, kaa mbali, usifungue mlango wake mpaka ipoe, kwa maana hewa mpya ikiingia inaweza kulipua.

Ona tofauti na yule mchochea moto wa Conrad. Hapa watu walikufa, sababu ikatafutwa, ikaandikwa, ikafundishwa kwa kila mtu wa zamu. Hakuna aliyeambiwa habari za pepo.

Mwaka 1960 na baadaye

Congo ilipopata uhuru mwaka 1960, watu wetu wenye shahada za chuo kikuu walikuwa wachache sana. Hesabu inayotajwa mara nyingi haifiki 30 kwa nchi nzima. Kulikuwa na mafundi wengi wazuri wa mikono, katika karakana za reli na bandari, watu waliosikia ugonjwa wa moteri kwa sikio tu. Lakini mfumo wa kikoloni uliweka maarifa ya juu, michoro, hesabu na maagizo ya vipuri mikononi mwa Wazungu. Wazungu wengi walipoondoka, mikono ilibaki, makaratasi ya sababu yakawa machache. Mwaka 1974 CFL ikaunganishwa na reli zingine ndani ya kampuni moja ya taifa, ile tunaiita leo SNCC. Kisha zikaja shida za fedha, halafu vita vya tangu 1996.

Sisemi vita na umaskini havikuharibu kitu. Viliharibu sana. Bato bila pesa ya vipuri itasimama, hata ikiwa na fundi bora. Ninasema hivi: hata pesa ikija kesho, hata bato mpya ikishushwa Kindu ama Kalemie kesho kutwa, bila watu wanaojua sababu itadumu miaka michache tu. Liemba imetuonyesha kwamba chuma kinaweza kungoja chini ya maji miaka kadhaa. Maarifa hayangoji hivyo. Mzee mmoja akifa na hakumfundisha mtu, yamekwenda.

Na sisi?

Kila mwaka tunatoa lisansie wengi, na wengi wanatafuta kiti cha ofisi. Ni haki yao. Lakini kati ya maji haya mawili kuna kazi inayokosa watu. Kinshasa kuna kituo cha kikanda cha mafunzo ya usafiri wa mito, CRFNI. Dar es Salaam kuna chuo cha mabaharia, DMI, na Mombasa kuna Bandari Maritime Academy, na kule Kiswahili chetu kitatusaidia nje ya darasa. Vyeti vya mabaharia vinafuata mkataba wa dunia wa mwaka 1978, unaoitwa STCW, kwa hiyo mtu aliyesoma vizuri anaweza kufanya kazi mbali na akarudi na ujuzi nyumbani.

Na wale wasioweza kusafiri sasa, kuna kazi ya historia hapa hapa. Wazee waliofanya kazi kwenye mabato na reli bado wako, Kindu, Kibombo, Kasongo, Kalemie. Mwendee mmoja na daftari. Usimuulize tu alifanya nini. Muulize moteri ilikuwa inaugua namna gani, alijuaje, alitengeneza kwa kitu gani siku kipuri kilikosekana, na juu ya nini. Andika vile anavyosema, kwa Kiswahili chetu, na mwaka.

Anayetaka kuanza leo kabisa, aende kwenye masini ya mupunga ya mtaa wake, amuombe mwenye masini ruhusa, aandike kwa mwezi mmoja: saa za kazi, mafuta yaliyoingia, rangi ya moshi, siku ya kubadilisha filta. Mwisho wa mwezi amuonyeshe daftari. Hapo ndipo wataanza kuongea kama mafundi wa zamu.